Vipindi Vitano vya Retinoli kwa Jioni Moja

Ilikuwa mwaka 2018, katikati ya kiangazi, wakati ambapo kivuli cha ukuta hakimtoshi hata mtu mmoja. Nautaja mwaka na majira kwa sababu jua lina sehemu yake katika makosa yangu, nami sipendi kubeba ya mwenzangu.

Kwa yule aliyelikosa gazeti la juma lililopita: mimi ni mwalimu mkuu mstaafu. Shule ya wasichana niliyoiongoza kwa miaka ishirini na miwili ilikuwa imejenga ukumbi mpya, na barua ikanijia kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitapigwa picha mbele ya wanafunzi, wa sasa na wa zamani, kisha picha hiyo itundikwe ukumbini daima. Tulimwacha wifi yangu sebuleni kwangu, barua mkononi, akiutazama uso wangu kama fundi atazamavyo ukuta wenye nyufa.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Ananizidi miaka minne. Uso wake, hata hivyo, ni mdogo kuliko wangu kwa miaka kumi, naye hakuna siku aliyosahau jambo hilo.

Aliirudisha barua katika bahasha, akasema kwa upole unaochoma, "Vaa miwani mikubwa, wifi. Na mpiga picha akae mbali."

Nilimjibu kwamba picha ni ya mwalimu, si ya bibi harusi. Alikubali upesi mno. Kisha, kana kwamba limempitia tu mdomoni, akakitaja kitu kiitwacho retinoli, akaupapasa uso wake kwa vidole viwili, akaaga.

Sikumuuliza. Mtu aliyefundisha kwa miaka thelathini na tisa haulizi. Hungoja mgeni aondoke, kisha hutafuta.

Kesho yake nilikwenda katika duka la dawa la mtaa wa mbali, mahali ambapo hakuna anijuaye, nikarudi na kichupa kisichozidi kidole gumba na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nane. Niliisoma yote, kalamu mkononi. Ilisema: kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, wakati wa jioni, mara mbili kwa wiki. Nikachora ratiba ya Jumapili na Jumatano, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati.

Mnaona kwamba nilianza kama mtu mwenye akili timamu.

Jumapili ya kwanza niliamka na mafua. Mafua hayo yakanilaza wiki mbili, na nilipoinuka, ratiba ilinikodolea visanduku vinne vitupu. Picha ilikuwa imebakiza siku sita.

Hapa yafaa nieleze desturi ya shule yangu. Kipindi kilichopotea kilifidiwa. Mwalimu akiugua, akirudi alifundisha vyote alivyokosa, mchana mmoja, na wasichana waliketi mpaka cha mwisho kiishe. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna kipindi kilichofia mikononi mwangu. Sikuona kwa nini retinoli ipewe msamaha ambao hisabati haikupewa.

Saa kumi na mbili jioni nilipaka kipindi cha kwanza. Nikaacha robo saa. Nikapaka cha pili, cha tatu na cha nne. Saa moja kamili nikapaka cha siku hiyo yenyewe, nikatia alama za vyema tano, nikafunga kabati kwa moyo mweupe.

Mjukuu wangu, msichana mshonaji wa miaka ishirini na mitatu ambaye naishi naye, aliinua macho kutoka katika cherehani. "Bibi, mbona unang'aa kama sufuria mpya?"

Nilimwambia kwamba bidii haimtupi mtu.

Jumatatu nilikwenda shuleni kusimamia viti vya ukumbi vikioshwa uani. Kwa saa nne nzima nilisimama juani, kichwa wazi. Kweli, upande wa nyuma wa ile karatasi kulikuwa na maneno juu ya losheni ya kukinga jua kila asubuhi. Niliyachukulia kuwa hila ya kuniuzia chupa ya pili.

Jumanne uso uliwaka kama wa mtu aliyeinamia tanuri.

Jumatano ulianza kubanduka. Ulibanduka kuanzia pembe za pua, ukashuka kidevuni, ukapanda mashavuni, ngozi ikining'inia vipande vipande. Nilipojaribu kutabasamu kwenye kioo, mdomo ulipasuka. Kwa kawaida sitabasamu sana, kwa hiyo hasara hiyo ningeivumilia. Lakini picha ya daima haivumiliki. Niliwaona kwa macho ya moyo wasichana wa miaka hamsini ijayo wakinyoosha vidole ukutani na kuulizana yule bibi aliungulia wapi.

"Unabanduka kama rangi ya geti," mjukuu alisema, safari hii bila kucheka. Akaniambia kwamba katika duka la dawa la mtaa wetu yupo mfamasia anayeifahamu ngozi kama fundi cherehani anavyokifahamu kitambaa. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nilichukua mtandio, miwani ya jua na mwavuli, nikaenda peke yangu.

Nyuma ya meza ya kioo alikuwapo mwanamke wa miaka arobaini na mitano hivi, koti jeupe, kalamu sikioni. Nilimwambia kwamba nimetumwa na jirani yangu.

"Jirani ana umri gani?"

"Sabini na mmoja."

"Alipaka nini?"

"Retinoli. Punje ya njegere, kama ilivyoandikwa."

"Mara ngapi?"

"Mara tano."

"Mara tano kwa wiki mbili hizi?"

Nilitazama dari. Ilikuwa dari safi. "Kwa saa moja," nilisema. "Alikuwa anafidia."

Mfamasia aliitoa kalamu sikioni, akailaza juu ya meza polepole. "Maisha yangu yote nimemjua mtu mmoja tu anayefidia kila kitu," alisema. "Shikamoo, Mwalimu. Vua miwani."

Niliitikia marahaba kwa sauti ambayo sikuitambua. Nilipovua miwani ndipo nami nilipomwona vizuri. Nyusi zile zile, na jicho lile lile lisilokwepa. Wenzake shuleni walimwita Poda.

Jina hilo nililisababisha mimi. Mwaka 1986, mwaka wangu wa pili katika cheo, msichana mmoja wa miaka kumi na mitatu alisimama katika mstari wa asubuhi na kitu kilichokauka, cheupe kama chokaa, mashavuni. Poda ilikuwa marufuku. Nilimwita mbele, nikaagiza beseni la maji, nikamwosha mbele ya wasichana mia sita. Maji aliyateka mwenyewe. Mimi nilihesabu kwa sauti, viganja kumi, kimoja baada ya kingine. Kisha nikampa daftari aandike mara mia mbili: Uso safi hauhitaji kupakwa kitu.

Na sasa nilikuwa mbele yake, uso wangu ukidondoka juu ya meza yake ya kioo.

Hakucheka. Aliniketisha chini ya taa, akaniangalia mashavu, akauliza kama macho yanawasha, akaandika. Kisha akanifundisha, nami nikasikiliza kama inavyompasa mwanafunzi.

Alisema kwamba retinoli ni ndugu wa vitamini A. Kazi yake ni kuiharakisha ngozi: ile kuukuu ya juu iondoke, changa ya chini ipande.

"Kama kuwapandisha watoto darasa," nilisema.

"Vivyo hivyo, Mwalimu. Nawe umewapandisha madarasa matano kwa jioni moja. Wote wamefeli."

Alieleza kwamba kupaka mara tano hakuleti ujana mara tano, huleta kidonda. Jioni iliyokosekana imekwenda zake, hairudiwi. Ngozi inayoanza kuzoea hupewa punje moja, mara moja au mbili kwa wiki, juu ya uso uliokauka, na mwenye ngozi nyepesi hutanguliza losheni ya kulainisha na kumalizia nayo. Pembe za macho, pua na midomo huachwa. Asubuhi losheni ya kukinga jua, kwa sababu ngozi changa haina uso wa kugombana na jua. Na matokeo huonekana baada ya wiki kumi na mbili hivi.

"Kumi na mbili," nilirudia.

"Hata kama usingeugua, Jumamosi hii isingekukuta msichana."

Aliuliza pia kama nyumbani yupo mwanamke mwenye mimba, kwa kuwa dawa hiyo si yake. Nilimwambia kwamba yupo mjukuu, na kama ana habari ya namna hiyo, basi tuna mazungumzo mengine kabisa.

Masharti yalikuwa machache. Kichupa kifungwe mpaka ngozi itulie kabisa. Losheni isiyo na manukato, juu yake mafuta ya mgando. Kukaa kivulini. Kunawa kwa maji matupu, bila sabuni. Na poda au chochote cha kufunika kisiguse uso huo hata kidogo, kwa sababu kingeuchokoza upya.

Nilikuwa nimeshika mwavuli, tayari kuondoka, aliposema, "Mwalimu, siku ile haikuwa poda."

Nilisimama.

"Nilikuwa na vipele. Nesi wa shule alinipa losheni ya kalamini nipake asubuhi na jioni. Ikikauka hubaki nyeupe."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Mara tatu. Uliniambia mwanafunzi hajibizani na mwalimu."

Hakuyasema kwa hasira. Aliyasema kama mtu asomaye majina ya waliohudhuria, kisha akamwita mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Neno la kuomba radhi nimelifundisha kwa maelfu ya watoto. Kulitamka mwenyewe sikuwahi kulifanyia mazoezi. Nilitoka bila hata kuaga.

Jioni hiyo nilichukua daftari jipya katika akiba yangu, nikaketi mezani, uso ukimeremeta kwa mafuta ya mgando, nikaandika: Uso safi hauhitaji kupakwa kitu. Nikaandika tena. Mjukuu aliniuliza ni kazi ya nani hiyo. Nilimwambia ni kazi yangu, iliyochelewa miaka thelathini na miwili.

Mkuki kwa nguruwe. Kufikia sentensi ya arobaini kidole cha kati kiliota uvimbe. Kufikia ya tisini sikuwa nasoma tena ninachokiandika. Kufikia ya mia moja na kumi niliweka kalamu chini, kwa kuwa nilikumbuka kwamba aliyeziandika kabla yangu alikuwa na miaka kumi na mitatu, na uso unaowasha, na dawa yake imemwagwa kwenye nyasi pamoja na maji ya beseni.

Nilizimaliza Alhamisi mchana. Ijumaa mjukuu alilipeleka daftari kwa mfamasia, akarudi nalo kabla chai haijapoa.

Lilikuwa limesahihishwa. Kwenye ukurasa wa mwisho, kwa wino mwekundu, yalikuwapo maneno haya: Zimetimia mia mbili. Mwandiko mzuri. Adhabu ilikuwa na sehemu mbili.

"Sehemu ya pili ni ipi?" mjukuu aliuliza, akisoma juu ya bega langu.

Nilimwambia akashone.

Nilijua vizuri ni ipi. Nilijua pia kwamba kesho yake ningesimama mbele ya shule ile ile, na kwamba nilikuwa na nafasi moja tu ya kukumbukwa. Ama picha, ama deni. Usiku huo sikulala usingizi wa maana.

Jumamosi asubuhi wifi aliingia bila kubisha hodi, mkoba wa vipodozi kwapani. Aliponiona alikaa chini.

"Wifi yangu, nani kakufanya hivi?"

"Ulinitajia retinoli."

"Nilikutajia," alisema. "Sikukutuma uioge."

Kisha, kwa huruma ambayo sikuitarajia, akaninyanyua kidevu na kuanza kazi. Nilimweleza sharti la mfamasia. Alinijibu kwamba mfamasia hatatundikwa ukutani. Na mimi, niliyezoea kuwaadhibu watoto kwa kuvunja sheria ndogo kuliko hiyo, nilifumba macho na kumwachia uso. Alinipaka poda mara tatu, akaufunika kila mpasuko, akarudi nyuma hatua mbili.

"Sasa umekuwa mtu," alisema.

Kwenye kioo alikuwamo mwanamke laini, wa umri usiojulikana, mwenye uso uliowasha kama umesuguliwa pilipili. Nilimpenda. Nalikiri hilo bila kulazimishwa.

Ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Mbele waliketi wasichana wa sasa, nyuma yao waliosoma zamani. Jukwaani kiliwekwa kiti kimoja, na mpiga picha alikuwa amekwisha kusimamisha kamera yake mguuni pa ngazi. Wifi alipewa safu ya kwanza pamoja na mjukuu. Nilihesabu nyuso za wakubwa kwa mazoea, na katika safu ya tano nilizikuta zile nyusi.

Mwalimu mkuu wa sasa, mwanamume kijana mwenye tai ndefu, alinisifu kwa muda mrefu. Alisema niliilea shule kwa nidhamu. Nikainamisha kichwa. Alisema niliilea kwa usafi. Nikainamisha tena. Alisema kwamba hakuna msichana aliyewahi kuonewa chini ya mikono yangu.

Hapo shingo ilikataa kuinama.

Nilitazama safu ya tano. Hakusogea, hakukunja uso. Alikuwa ananisubiri tu, kama mimi nilivyozoea kusubiri darasa lijibu.

Nilipoitwa niseme maneno mawili kabla ya picha, niliiendea maikrofoni, nikaomba niletewe beseni la maji safi. Mwalimu mkuu alidhani nazimia, akaniletea kiti. Nilimwambia kiti ninacho, nimeomba beseni. Likaletwa, la plastiki, la kufulia, likawekwa juu ya meza mbele yangu.

"Katika mwaka 1986," nilisema, "nilimwosha uso mwanafunzi wa shule hii mbele ya wenziwe kwa kosa la kupaka poda. Haikuwa poda, ilikuwa dawa. Aliniambia mara tatu, nami nikakataa kumsikiliza. Nilimwonea. Namwomba radhi. Leo mimi ndiye niliyepaka poda, na nilikatazwa."

Kutoka safu ya kwanza nilimsikia wifi, ambaye hanong'oni vizuri. "Wifi, usithubutu. Nimeifanyia kazi saa nzima."

Katika safu ya tano mtu aliinuka, mkoba begani. Alipita mbele ya magoti ya watu, akashuka njia ya katikati, wasichana wakigeuza vichwa mmoja baada ya mwingine. Alipanda ngazi tatu za jukwaa, akasimama upande wa pili wa beseni, mikono nyuma. Ndivyo nilivyosimama mimi siku ile.

Mpiga picha aliuliza, kwa adabu, kama apige sasa kabla uso haujalowa.

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nilivua miwani, nikamkabidhi mwalimu mkuu, nikainama, nikateka kiganja cha kwanza.

"Moja," sauti ilisema juu ya kichwa changu.

Maji yalikuwa baridi, nayo yalipoza. Poda ya wifi iliteremka ndani ya beseni kama chokaa.

"Mbili."

Kufikia tatu mipasuko yote ilikuwa wazi. Kufikia nne, mtoto mmoja wa safu za mbele alisema kwa sauti nyororo iliyofika mpaka nyuma kwamba bibi anabanduka. Kicheko kilianza, kikakatika chenyewe.

"Tano."

Nilijaribu kukumbuka kama msichana yule alilia. Sikukumbuka. Nilikuwa nahesabu.

"Sita. Saba."

Kisha hesabu ikasimama. Niliingoja nane, haikuja. Nilisikia hatua zikiizunguka meza, zikija upande wangu. Nilisikia mkoba wake ukifunguliwa, na kitambaa kikikunjuliwa karibu na shavu langu. Kamera ikalia mara moja, kavu.

Macho yangu yalikuwa yamefumba na deni lilikuwa limebakiza viganja vitatu. Nikateka cha nane.